Nilikwama miezi sita kwa Wamaya wakati wa korona: daftari la maji, mahindi na mchezo wa akina mama

#1 Mbuni_wa_Kibosho (mwanzisha uzi)

Wakuu, wiki iliyopita kuna mdau aliandika humu kwamba Wamaya "walitoweka" wakaacha mapiramidi. Nilicheka peke yangu kwenye daladala. Kama walitoweka, basi mimi nililishwa na mizimu kuanzia Machi hadi Septemba 2020, na mizimu yenyewe ikanidai siku za kazi.

Wamaya wapo, tena ni mamilioni: Guatemala, kusini mwa Meksiko, Belize. Guatemala peke yake ina lugha 22 za Kimaya, na wa mlima huu hamwelewi wa mlima ule.

Ilikuwa hivi. Januari 2020 nilikwenda Guatemala kwa mafunzo ya kuonja kahawa, karibu na Ziwa Atitlán. Darasani nilikuwa na kijana Mkiche, kabila mojawapo la Wamaya, wa Totonicapán, mkoa wa nyanda za juu. Katikati ya Machi akaniambia twende kwao wikendi nikasalimie wazee. Tarehe 13 kisa cha kwanza cha korona kikatangazwa. Siku chache baadaye mabasi yakasimamishwa nchi nzima, uwanja wa ndege ukafungwa, na tarehe 22 ikaanza amri ya kutotoka nje kuanzia saa kumi jioni. Mimi nina begi lenye suruali mbili na viatu vya mjini. Uwanja ulifunguliwa tarehe 18 Septemba. Hesabuni wenyewe.

Kwanza baridi. Mimi Mchaga, baridi naijua, lakini Totonicapán iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi mama mwenye nyumba alikuwa akinipa bakuli la uji wa mahindi kabla sijaamkia mtu. Wao wanauita atol, ila ni uji, hakuna namna nyingine ya kuuelezea. Nilimwita Nan, ndivyo Wakiche wamwitavyo mama kwa heshima, na mzee nikamwita Tat.

Sasa hili daftari. Nilifika Ijumaa. Jumatano iliyofuata Tat akanikabidhi sululu na kofia ya mwanawe, akasema twende kwenye maji. Huko kwao maji hayaletwi na mamlaka. Kijiji kina chemchemi yake ndani ya msitu wa wote, mabomba waliyalaza wenyewe, na kila nyumba yenye koki inadaiwa siku za kazi. Siku hiyo bomba la inchi mbili lilikuwa limepasuka kwenye korongo. Tulikuwa wanaume kama ishirini na wanawake wachache, barakoa zimevutwa kidevuni. Wanne wanachimba, wawili wanakata bomba kwa msumeno wa chuma, mmoja anapaka gundi huku akipigiwa kelele kwamba ameweka nyingi, waliobaki wanapokezana. Kando, juu ya gogo, amekaa kijana na daftari kubwa la jalada gumu, mistari imechorwa kwa rula, kila nyumba na ukurasa wake. Tulipomaliza akaita majina. Alipofika nyumba yetu akaniangalia, akamuuliza Tat kitu kwa Kikiche, watu wakacheka, akaandika.

Nikauliza kimesemwa nini. Tat akanitafsiria kwa Kihispania: "Ameuliza kama huyu mgeni anakunywa maji."

Basi. Ninakunywa maji, kwa hiyo nimeandikwa.

Utumishi huo wanauita k'ax k'ol. K'ax ni maumivu, taabu. Hawakuipaka asali hata kwenye jina. Naendelea kesho, umeme unakatika hapa.

#2 Siti_ya_Mbele

Nimekaa siti ya mbele na kahawa yangu. Leta vitu mkuu.

#3 Mkosoaji_Huru

Mkuu usije ukatuletea chai. Kila anayerudi kutoka ughaibuni anakuja na kijiji cha malaika. Hiyo ni msaragambo tu, hata kwetu Upare ipo, na ilishakufa tangu watu walipoanza kusubiri mradi.

#4 Mbuni_wa_Kibosho

Mkosoaji, nashukuru kwa kulitaja neno msaragambo, umenirahisishia. Tofauti niliyoiona ni kwamba kwao haikufa, kwa sababu juu ya lile daftari kuna serikali kamili.

Manispaa ya Totonicapán ina vitongoji 48 vilivyoungana, wanaviita Cantones 48. Kila kimoja kinachagua viongozi wake kila mwaka: mwenyekiti wa jamii mwenye fimbo ya uongozi, wa maji, wa msitu, mjumbe wa kupeleka barua, hadi wa kuchimba makaburi. Hawalipwi hata senti. Mtu anaacha cherehani yake mwaka mzima anatumikia, mkewe anabaki na biashara. Zamu yako ikifika na wewe uko Marekani, unarudi au unamlipa mtu akushikie. Nimeona mtu amepigiwa simu New Jersey kuambiwa zamu yake imefika, akabaki anauliza kwa upole atume kiasi gani.

Ndiyo maana serikali ilipotangaza watu wakae ndani, kule hawakusubiri maelekezo. Viongozi wa kitongoji waliweka kizuizi barabarani, ndoo ya maji na sabuni, na zamu ya walinzi mchana na usiku. Zamu zilitoka kwenye daftari lilelile la maji.

Chakula sasa. Msidhani wana mashamba makubwa. Totonicapán ardhi ni vipande vya leso, watu wengi wanaishi kwa kushona, kufuma, useremala na uchuuzi. Soko la San Francisco El Alto, la kila Ijumaa, ni kubwa kiasi kwamba wafanyabiashara wanatoka hadi nje ya nchi kuja kununua nguo pale. Korona ikalifunga. Familia iliyonipokea ilikuwa inashona suruali za jinzi. Vyerehani vitatu vikafunikwa shuka.

Mahindi waliyovuna Desemba yalikuwa yamewekwa darini, yangefika Mei, Juni kwa kubana. Yanayofuata yanavunwa mwisho wa mwaka. Katikati hapo ndipo pana njaa yao ya kila mwaka, korona au hakuna korona.

Walichofanya: wenye akiba waliwakopesha wasio nayo, kwa kipimo. Kopo la plastiki lililokatwa juu, likijazwa hadi ukingoni halafu linapigwa na ukingo wa kiganja ili lisifurike. Unarudisha kwa kopo hilohilo Desemba. Riba hakuna, ila kusahau pia hakuna. Nan alikuwa na alama zake ukutani jikoni, mkaa juu ya ubao: nyumba tatu zinamdai, yeye anadai mbili.

Mjini kipindi hicho, Aprili na Mei, watu walikuwa wanasimama barabarani na bendera nyeupe. Ilikuwa Guatemala nzima: kitambaa cheupe mlangoni maana yake humu hatuna chakula. Tuliziona kwenye simu. Nikamuuliza Tat mbona hapa kijijini sijaona hata moja, na najua kuna nyumba zina hali mbaya. Akasema ukipandisha hapa unamtukana jirani.

#5 Binti_Ramiya

Kaka, swali la jikoni. Mahindi wanayapikaje mpaka yanawatosha? Sisi Tanga ugali wa sembe bila mboga mtoto anavimba tumbo.

#6 Mbuni_wa_Kibosho

Dada, hapo ndipo nilipoona tulipokea mahindi kutoka kwao bila kupokea mapishi. Jioni Nan anachemsha punje nzima na chokaa, chokaa hii hii unayoijua ya tambuu. Yanalala humo usiku. Asubuhi anayaosha mpaka ganda linatoka na maji yanakuwa ya njano, ndipo yanasagwa yakiwa na majimaji, unga unatoka kama wa maandazi. Anaupiga makofi mikononi kuwa kama chapati ndogo, unachomwa kwenye kikaango cha udongo bila mafuta.

Chokaa inaachia vitamini ambayo kwenye mahindi imefungwa. Wazungu walipochukua mahindi Amerika wakaacha chokaa, na maskini wa Italia na Hispania waliokula mahindi matupu wakaugua pelagra, ngozi inababuka na akili inayumba. Halafu shamba lao si mahindi peke yake. Maharage yanapanda juu ya bua, maboga yanafunika chini. Mtaalamu wa ugani angekuja na kamba ya kupima nafasi angezimia.

Lakini ukweli niuseme, maana Mkosoaji ananisubiri: wanashiba tumbo, mwili haushibi.

#7 Mkosoaji_Huru

Ahsante kwa kunifungulia mlango. Nimeenda kutafuta. Utafiti wa kitaifa wa Guatemala wa 2014/2015: watoto chini ya miaka mitano waliodumaa ni kama asilimia 47, nchi nzima. Totonicapán, huko huko kwa makopo yako ya mahindi, karibu 70. Sabini kwa mia! Sasa huu mshikamano unafanya kazi gani?

Na kingine. San Juan Chamula, jimbo la Chiapas huko Meksiko, Wamaya haohao wa Kitzotzil. Kuanzia miaka ya 1970 walifukuza maelfu ya wenzao vijijini kwa kosa la kuwa Waprotestanti, kwa sababu waliokoka wakaacha kuchangia sikukuu na pombe ya sherehe. Daftari lina uzuri wake ukiwa umeandikwa. Ukifutwa je?

#8 Siti_ya_Mbele

Hapo sasa. Mwanzisha uzi jibu kwa hoja.

#9 Mbuni_wa_Kibosho

Sina cha kupinga. Takwimu ni hizo, na Chamula ni kweli. Hata kwenye korona nilishuhudia kitu sikukipenda. Marekani iliendelea kuwarudisha wahamiaji kwa ndege, baadhi wakapimwa wakakutwa na virusi, na kuna jamii zilikataa watu wao wenyewe wasishuke kijijini. Quetzaltenango, jirani yetu, watu walitishia kuchoma jengo walimowekwa waliorudishwa. Kwenye kizuizi chetu alifika kijana mmoja usiku, ametembea, mama yake yuko upande wa ndani anamwona. Alikaa siku kumi na nne kwenye kibanda cha mbao nje ya kizuizi. Chakula alipelekewa kwa zamu, na ndiyo, kiliandikwa. Lakini zile siku mbili za kwanza kabla ya kukubaliana, lugha niliyoisikia pale kizuizini siwezi kuiandika hapa.

Kwa hiyo mimi sisemi ni malaika. Ninachosema ni kingine kabisa: sikuuona wema. Wema ningeuchoka kwa wiki mbili, wao wangenichoka kwa wiki moja. Niliona watu wanaodaiana. Nilipomshukuru Nan kwa chakula wiki za mwanzo alikuwa anakunja uso. Baada ya jina langu kuingia kwenye daftari alianza kunituma kuni.

Kuhusu udumavu: hilo daftari linalinda maji, msitu na mtu asife njaa. Haliwezi kuleta nyama, kituo cha afya wala ardhi ambayo babu zao walinyang'anywa. Ardhi nzuri ya nchi ile kule chini imejaa miwa, michikichi na kahawa ya wenyewe. Serikali ilipotoa msaada wa kwetzali 1,000 (kwetzali ni fedha ya kule) kwa familia, unajua ilianza kuwatambua kwa kutumia nini? Ankara ya umeme. Wenye matumizi madogo wanapata. Asiye na umeme kabisa akae foleni ya baadaye, aandikishwe kwa karatasi. Nani amedumaza mtoto wa asiye na umeme?

#10 Mama_Kijumbe

Mimi nimekuja kwa lile neno "mchezo wa akina mama" kwenye kichwa cha uzi na mpaka sasa silioni. Mkuu usituuzie mbuzi kwenye gunia.

#11 Mbuni_wa_Kibosho

Hahaha, samahani mama. Nilikuwa nautunza.

Guatemala nzima mchezo wanauita cuchubal, na neno limetoka Kikiche, maana yake kukusanya pamoja. Yaani Wahispania walikuta Wakiche wakikusanyana, wakachukua neno. Utaratibu ni ule ule unaoujua wewe: watu kadhaa, kiasi sawa, kila kipindi mmoja anapokea fungu lote. Kijumbe anashika orodha.

Nan alikuwa kijumbe wa wanawake wanane, kwetzali 100 kila wiki mbili. Zamu walipanga kwa vikaratasi ndani ya bakuli. Soko lilipofungwa, nilidhani mchezo umekufa. Wakakutana uani, wameachiana nafasi, wamekaa kwenye vigoda. Wa tatu kwenye orodha, mume wake alikuwa fundi ujenzi mjini na kazi imesimama, akalia kabla hata hajasema. Mjadala ulichukua muda mrefu, kwa Kikiche, mimi naokota neno moja moja. Mwisho Nan akanieleza: hawauvunji, wanaupunguza. Kutoka 100 hadi 25. Na aliyekuwa wa pili akampisha wa tatu.

Nikasema 25 mara nane ni 200, itasaidia nini? Nan akaniangalia kama mtu aliyeuliza jua linachomoza upande gani. Akasema fedha itarudi siku moja, lakini mchezo ukivunjika, kuuanza upya watu wale wale wakiwa na aibu ya kukimbiana haitawezekana.

Julai walipandisha hadi 50. Nilipoondoka walikuwa bado hawajafika 100.

#12 Mama_Kijumbe

Umenigusa. Wangu wa 2020 ulivunjika Mei. Tulikuwa kumi na wawili. Mpaka leo kuna watatu tukikutana sokoni tunaangaliana viatu.

#13 Likelemba_wa_Nyama

Jambo bandugu. Mimi ni Mkongomani, mutoto wa Bukavu, niko Marekani kwenye kiwanda cha kuchinja nyama, jina nitaacha. Kwetu huo mchezo ni likelemba. Kwenye mstari wa visu nilisimama miaka mitatu kati ya Wakiche wawili. Kihispania chenyewe walikuwa wanakiongea kwa taabu kama mimi Kiingereza, basi tukaelewana vizuri.

Niwaeleze upande huu. Korona iliingia kiwandani Aprili 2020, watu tunasimama bega kwa bega, wakaanza kuanguka. Mmoja wao akafa. Siku hiyo hiyo jioni kofia ilipita, na haikupita kwa Waguatemala tu, ilifika kwetu Wakongo, kwa Wasomali, kwa wote. Lakini wao walikuwa na karatasi ya kila kijiji. Wa kijiji chake waliandikwa kiasi cha lazima, sisi wengine tuliandikwa kiasi cha hiari, mbali mbali. Nikauliza mbona wanatofautisha. Rafiki yangu akasema wale wa lazima, mama zao wanakunywa maji ya bomba moja na mama yake marehemu.

Ndiyo maana nimesoma mambo ya daftari nikashtuka. Sikujua linatokea wapi.

#14 Mbuni_wa_Kibosho

Likelemba, pole sana ndugu yangu. Umeniletea kipande ambacho sikuwa nacho.

Na wadau wajue ukubwa wake: mwaka huo huo 2020 Waguatemala walioko nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 11. Aprili zilishuka kwa kishindo, tuliliona hata kijijini, foleni ya benki ikakauka. Kisha zikapanda na mwaka ukaisha juu ya 2019. Mtu anasimama kwenye visu vya nyama na korona ili mabati ya Totonicapán yasivuje. Kwa hiyo tukisema "uchumi wa kijiji" tusiuchore mipaka kwenye mlima. Kijiji kile kina mtaa New Jersey.

#15 Mhaya_wa_Butura

Mkuu ulikwenda kwa ajili ya kahawa, kahawa yenyewe umeiruka. Kwetu Kagera mtu akibanwa anauza butura, kahawa ikiwa bado maua mtini. Wao wanafanyaje?

#16 Mbuni_wa_Kibosho

Butura wanayo, mlanguzi wanamwita koyote, yule mnyama wa jamii ya mbweha. Jina linajitosheleza.

Totonicapán hapastawi kahawa, ni baridi mno. Mfano mzuri uko Chiapas, upande wa Meksiko. Tarehe 22 Desemba 1997, kitongoji cha Acteal, wilaya ya Chenalhó, wanamgambo waliwaua watu 45 wa kundi la Las Abejas, yaani Nyuki, Watzotzil wasiotaka kushika silaha upande wowote. Wengi walikuwa wanawake na watoto, na walikuwa wakisali. Maelfu walikimbia mashamba yao msimu wa kahawa ukiwa umeiva. Mwaka 1999 watu wa Las Abejas wakaanzisha ushirika wao wa kahawa, Maya Vinic, ili wauze wenyewe bila kupita kwa koyote. Halafu angalia bahati ya maskini: 2001 bei ya dunia ikaporomoka chini ya senti 50 za dola kwa ratili. Sisi Kilimanjaro mwaka ule kuna watu waling'oa mibuni wakapanda nyanya, nakumbuka hadi moshi wa visiki. Wao walishikilia kwa sababu walikuwa na wanunuzi wa biashara ya haki waliowapa bei ya chini isiyoshuka, na kwa sababu mahindi na maharage hawakuyaacha. Mkulima mwenye kahawa tupu hana pa kusimama bei ikianguka.

Nitaje na ziwa, kwa kuwa darasa letu lilikuwa pale. Santiago Atitlán, mji wa Watzutuhil. Oktoba 2005 kimbunga Stan kilileta mvua siku baada ya siku, na alfajiri ya tarehe 5 mlima ukateremka juu ya kitongoji cha Panabaj. Mamia wakafukiwa. Jeshi likaja kusaidia kuchimba. Wananchi wakalikataa, na mikono yao imejaa tope na ndugu zao wako chini. Kwa nini? Kwa sababu tarehe 2 Desemba 1990 wanajeshi wa kambi iliyokuwa hapo hapo waliwafyatulia risasi watu wasio na silaha wakaua 13, na mji ukasimama mpaka kambi ikaondolewa. Miaka 15 baadaye bado walikuwa wanajua ni mkono gani hawataki ufukue maiti zao. Walichimba wenyewe na majembe.

#17 Kasulu_Kambini

Nimefanya kazi na wakimbizi Kigoma miaka mingi, kwa hiyo nachangia kwenye hilo la kukimbia. Vita ya Guatemala ilidumu 1960 hadi 1996, zaidi ya watu 200,000 waliuawa au kupotezwa, na tume ya ukweli ya 1999 ikasema asilimia 83 ya waliotambuliwa walikuwa Wamaya. Jeshi lilikuwa linachoma mahindi shambani makusudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 makumi ya maelfu wakavuka mpaka kuingia Chiapas. Kabla turubai la Umoja wa Mataifa halijafika, waliowalisha ni wakulima wa Chiapas, maskini kama wao, wengine Wamaya kama wao.

Sasa sikiliza. Julai 2024, magenge ya dawa za kulevya yanagombania mpaka huo huo, Wameksiko mia kadhaa wa Amatenango de la Frontera wakakimbia kwa miguu wakaingia Cuilco, Guatemala. Safari hii wa Guatemala ndio waliofungua milango na kupika.

Nilipoiona habari hiyo niliichapisha nikaibandika ofisini.

#18 Mwanakombo_Hotelini

Jamani mimi niko Nungwi, nafanya kazi hoteli. 2020 tulirudishwa makwetu wote. Nimesikia Cancún nako ni ardhi ya Wamaya. Hao nao walikuwa na daftari?

#19 Mbuni_wa_Kibosho

Dada, huko sijafika, naongea ya kusoma na kusimuliwa. Cancún ilikuwa kijisehemu cha wavuvi mpaka serikali ya Meksiko ilipoanza miaka ya 1970 kuijenga hoteli. Wamaya wa vijiji vya Yucatán na Quintana Roo ndio wanaotandika vitanda na kuchanganya zege. Watalii walipoisha, walirudi vijijini kama nyinyi, wengi wakashika tena fimbo ya kupandia, maana udongo wa kule ni mwembamba juu ya mwamba wa chokaa, jembe halina kazi. Watu wakabadilishana vitu kwa vitu, mayai kwa maharage, asali kwa dawa. Lakini shamba halilipi wiki ijayo, na mwaka ule anga nayo haikuwa na huruma: dhoruba Cristóbal mwezi Juni ikafurika mashamba, kisha Oktoba moja zikapita tatu, Gamma, Delta na Zeta. Walioweza wakarudi Cancún hoteli zilipofunguliwa. Wasingekula daftari.

#20 Mkosoaji_Huru

Nakubali unajibu kiungwana. Swali langu la mwisho. Hiyo nguvu imewahi kufanya jambo lolote kubwa zaidi ya bomba la inchi mbili?

#21 Mbuni_wa_Kibosho

Imewahi, na ilinikuta niko nyumbani Moshi nafuatilia kwa simu.

Kwanza wamelipia. Oktoba 4, 2012 Cantones 48 walifunga barabara kuu mahali panapoitwa Alaska, wakipinga bei ya umeme na mengine. Mwenyekiti wao mwaka huo alikuwa mwanamke, Carmen Tacam, nasema hili kwa wanaodhani ni baraza la wazee wa kiume tupu, ingawa mara nyingi ni hivyo. Wanajeshi wakapiga risasi, wakaua watu wasiopungua sita.

Halafu 2023. Bernardo Arévalo ameshinda urais, na ofisi ya mwendesha mashtaka mkuu inatafuta kila njia ya kuufuta ushindi. Oktoba 2 Cantones 48 na viongozi wa jamii nyingine za wenyeji wakaitisha mgomo, barabara zikafungwa nchi nzima, na wakapiga kambi mbele ya ofisi hiyo mjini Guatemala. Walikaa siku 106, hadi Arévalo alipoapishwa usiku wa kuamkia Januari 15, 2024.

Siku 106 mkuu! Sisi maandamano ya siku mbili watu wana njaa. Waliwezaje? Zamu. Kitongoji hiki wiki hii, kile wiki ijayo, basi limejaa blanketi na mahindi. Yule kijana wa daftari, aliyekaa kwenye gogo, alinitumia picha ya WhatsApp: turubai, sufuria kubwa la uji, na pembeni daftari. Jipya, lakini rula ni ile ile.

Aliyekuwa mwenyekiti mwaka huo, Luis Pacheco, alikamatwa Aprili 2025 kwa mashtaka ya ugaidi yanayotokana na mgomo ule, yeye na mwenzake Héctor Chaclán.

#22 Mama_Kijumbe

Ugaidi wa uji.

#23 Siti_ya_Mbele

Mkuu umesema walikuandika daftarini. Ulimaliza siku zako?

#24 Mbuni_wa_Kibosho

Nilikuwa naomba mtu asiulize.

Wiki ya mwisho, Septemba, nilimwendea yule kijana na bahasha. Nilikuwa nimebadilisha dola zangu zote zilizobaki, nikasema hii ni ya kijiji. Hakuigusa. Akafungua ukurasa wa nyumba yetu, akapitisha kidole: kusafisha chemchemi, bomba la korongoni, zamu za kizuizini, kupanda miche ya misonobari, ile siku nilibeba miche mgongoni kwa mkanda wa paji la uso kama akina mama wa Kikuyu wabebavyo kuni, shingo ikaniuma siku tatu. Nimefanya kumi na moja. Nilitakiwa kumi na mbili. Siku ya Agosti niliyolala na homa haikufidiwa.

Nikasema basi nilipe faini. Akasema faini ni ya asiyetaka kuja.

Bahasha nikampa Nan kwa siri, akaiingiza kwenye mchezo kwa jina la yule wa tatu.

#25 Likelemba_wa_Nyama

Na ile siku ya kumi na mbili?

#26 Mbuni_wa_Kibosho

Bado inasoma. Kila Januari wakibadilisha viongozi, kijana ananitumia picha ya ukurasa. Tat alifariki mwaka jana, wamefuta jina lake kwa mstari mmoja, langu liko chini yake. Nauli ya kwenda nimeshaanza kuichanga, niko kwenye mchezo wa watu kumi hapa Kibosho, zamu yangu ni ya tisa.